Kibaba cha Mbegu kwa Jirani

Kila msimu wa mvua unapokaribia, redio, mabango ya maduka ya pembejeo na hotuba za mikutano ya hadhara hurudia agizo moja: mkulima aachane na mbegu za kienyeji, anunue mbegu bora. Maneno hayo mawili yamebanwa hadi yakabaki na maana moja tu, mbegu iliyomo ndani ya mfuko wenye lebo, iliyopakwa dawa ya rangi na kulipiwa dukani. Ile iliyoning'inizwa juu ya meko tangu mavuno yaliyopita, au iliyotoka kwa shangazi wa kijiji cha pili, huhukumiwa kuwa duni kabla hata haijawekwa kwenye kitambaa kibichi ionekane inaotaje. Mtazamo huu umezoeleka kiasi kwamba hata wanaoupinga wameanza kuomba kidogo: basi mkulima aachiwe ahifadhi mbegu kwa ajili ya shamba lake mwenyewe, na hayo ya kugawana yawekewe masharti. Nadhani kosa kubwa kuliko yote limo ndani ya ombi hilo. Ruhusa ya kuhifadhi mbegu bila ruhusa ya kumpa jirani haina uzito, kwa sababu mbegu isiyotoka nje ya ua mmoja haidumu. Nasema hivyo si kwa mapenzi ya mila. Nasema hivyo kwa kutazama mimea inavyozaana na ukame unavyopiga.

Tuanze na mmea wenyewe. Mahindi huchavushwa na upepo. Chavua hupeperuka kutoka mbelewele za bua hili hadi ndevu za bua lile, na punje mbili zilizokaa bega kwa bega kwenye gunzi moja zinaweza kuwa na baba tofauti. Mbegu ya uchavushaji huria ni ile ambayo uzao huo wa wazi umeachwa ufanye kazi yake, na watoto wakafanana na wazazi kama ukoo unavyofanana, bila kuwa mapacha. Chotara ni jambo jingine. Watafiti huchukua mistari iliyolazimishwa kujizalia yenyewe kwa vizazi kadhaa, kisha huikutanisha, na mtoto wa kwanza hutoka na nguvu kuwazidi wazazi wake. Nguvu hiyo ni ya kweli, na sina sababu ya kuikana. Lakini ni nguvu ya kizazi kimoja. Punje zake zikipandwa msimu wa pili tabia hutawanyika, bua moja refu na jingine fupi, na mavuno hushuka. Muuzaji wa chotara basi hahitaji askari wa kumzuia mkulima kurudia mbegu, kwa kuwa kufuli imo ndani ya punje. Maharage, kunde, njugumawe, mpunga na nyanya ni tofauti kabisa, maana kwa sehemu kubwa hujichavusha ndani ya ua lake, na anayechagua vizuri anaweza kukaa na aina ileile miaka na miaka. Ndiyo sababu duka la pembejeo limejaa mifuko ya mahindi na lina maharage ya kupandia kidogo sana. Biashara haivutiwi na zao ambalo mteja akishanunua mara moja hana haja ya kurudi. Mkulima wa maharage anayeambiwa asubiri mbegu ya dukani anaambiwa asubiri kitu ambacho soko lenyewe halina hamu ya kukileta.

Sasa mfikirie mkulima mwenye nusu ekari ya mahindi ya uchavushaji huria. Ushauri wa kitaalamu, ambao wazee wa vijiji vingi waliufikia kwa njia yao, ni kwamba mbegu ichaguliwe kutoka mimea mingi, mia moja au zaidi. Akichukua magunzi kumi manono tu, ndugu wataanza kuzaana na ndugu, na baada ya misimu michache mabua yatalegea na magunzi yatapungua. Mwaka wa mvua nzuri mimea mia moja si tatizo. Mwaka ambao mvua imekatika mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa ndevu, mimea mia moja yenye gunzi la maana hutaipata katika nusu ekari. Hapo pana njia moja ya kuuokoa ukoo ule wa mahindi, nayo ni kuchanganya kidogo ulichonacho na cha jirani ambaye shamba lake liko bondeni, au aliyepanda wiki mbili kabla yako. Zaidi ya hayo kuna dumuzi, kuna fukusi, kuna paa linalovuja juu ya uchaga, kuna msiba unaoikuta nyumba mwezi wa kupanda na debe la mbegu likapikwa kulisha waombolezaji. Kila nyumba, ukiihesabia miaka ishirini, ina mwaka wake wa kubaki mikono mitupu. Jambo la kheri ni kwamba nyumba zote hazipatwi mwaka mmoja. Kwa hiyo akiba ya kweli ya mbegu haimo ndani ya nyumba yoyote. Imetandazwa kijiji kizima, na kinachoifanya iwe akiba ni uhuru wa kibaba kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile. Ukiukata uhuru huo umevunja ghala, hata kama umemwachia kila mtu chungu chake.

Wapo watakaoona kwamba ninaukuza mchezo wa pembeni. Mwaka 2016 watafiti Shawn McGuire na Louise Sperling walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu zaidi ya 9,000 za namna wakulima wadogo wanavyopata mbegu, kutoka nchi sita zikiwamo Kenya, Kongo na Malawi, na mazao yapatayo 40. Asilimia 90 hivi ya mbegu ilitoka nje ya mfumo rasmi, na nusu hivi ya mbegu yote ilitoka kwenye masoko ya kawaida, kwa mama aliyekaa nyuma ya gunia la maharage na mnunuzi anayezitenga punje kwa macho yake. Sehemu moja ya kumi iliyobaki, ya mfumo rasmi, ndiyo inayobeba hotuba zote, ruzuku zote na karibu utafiti wote. Ile tisa kwa kumi, inayoilisha Afrika Mashariki kwa maharage, mtama, ulezi, kunde na mboga za majani, huzungumzwa kama tabia mbaya inayosubiri kukomeshwa. Serikali ambayo ingekuta tisa kwa kumi ya watu wake wanakunywa maji ya visima ingeshughulika na usalama wa visima, isingefunga visima kwa sababu bomba limefika mji mkuu.

Hata hivyo kufunga ndiko kulikojaribiwa. Kenya iliifanyia marekebisho sheria yake ya mbegu na aina za mimea mwaka 2012, na tangu hapo kuuza au kubadilishana mbegu isiyothibitishwa kukawa jambo la kumfikisha mtu gerezani hadi miaka miwili au kwenye faini ya hadi shilingi milioni 1. Ilifanya hivyo miaka miwili tu baada ya Katiba ya 2010, ambayo ibara yake ya 11 inaliagiza Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za asili na matumizi yake na jamii. Wakulima wadogo 15 walifungua shauri mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu huko Machakos ikatamka kwamba vifungu vilivyobishaniwa vinakiuka Katiba. Uamuzi huo umeleta nafuu, lakini hoja iliyozaa vifungu vile haijafa, na haiko Kenya peke yake. Tanzania ilitunga sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea mwaka 2012 na kuingia kwenye UPOV, mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 2015. Mkataba huo, kwa toleo lake la 1991, unaiachia nchi hiari ya kumruhusu mkulima arudie kupanda mbegu ya aina iliyolindwa, lakini ndani ya shamba lake mwenyewe. Kibaba kinachovuka mpaka wa shamba hakikuachiwa nafasi iliyo wazi.

Jibu la kawaida ni kwamba hofu hiyo ni bure, kwa kuwa haki za wagunduzi zinahusu aina mpya zilizosajiliwa na hakuna anayezigusa mbegu za mababu. Kwenye karatasi ni kweli. Shambani mpaka huo haupo. Aina ya maharage iliyotolewa na kituo cha utafiti hupewa jina la kijiji ndani ya misimu michache, ikachanganywa na mengine kwenye gunia moja, ikapelekwa harusini wilaya nyingine, na baada ya miaka kumi hakuna mzee wala afisa anayeweza kuapa ilikotoka. Mahindi ndiyo kabisa, chavua haisomi hati za usajili. Sheria inayomtaka mtu ajue asichoweza kukijua humfanya aogope kila kitu. Bibi shamba akishasikia kwamba kugawana mbegu kunaweza kuwa kosa, hataitisha tena siku ya kubadilishana mbegu kwenye uwanja wa shule, hata za njugumawe ambazo hakuna aliyewahi kuzisajili popote. Woga hufanya kazi kubwa kuliko hukumu, na hauonekani kwenye takwimu za kesi.

Tuje kwenye pingamizi lenye uzito zaidi, la mavuno. Watetezi wa mfuko wa dukani husema: idadi ya watu inapanda, mashamba yanagawanywa kwa warithi, na njia ya kuokoka ni kupata magunia mengi zaidi kwa ekari, jambo ambalo chotara hulifanya. Kwenye kituo cha utafiti, kwa mbolea kamili na maji ya kutosha, hulifanya kweli, na mkulima wa Trans Nzoia mwenye udongo mzito, mvua ya uhakika na fedha za mbolea hana haja ya kushauriwa na mimi aache chotara. Lakini tazama nchi nzima. Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizoitikia chotara mapema na kwa wingi, tangu miaka ya 1960, na wakulima wake wengi wa mahindi wanainunua. Wastani wa mavuno yake umezunguka kati ya tani moja na nusu na tani mbili kwa hekta kwa miongo, na leo hauko mbali na ulipokuwa miaka ya 1980. Sisemi chotara ndiyo iliyoyazuia mavuno. Udongo umechoka, kilimo cha mahindi kimesukumwa kwenye nchi kavu, na mbolea ni ghali. Ninachosema ni kwamba kama mbegu ya mfukoni ingekuwa jibu peke yake, jibu lingekwisha kuonekana. Faida yake inategemea vitu vinne au vitano vinavyonunuliwa pamoja nayo, na mwaka ambao mvua imegoma, mkulima aliyekopa kwa ajili ya vyote hivyo hupoteza mavuno na kubaki na deni. Aliyepanda mbegu yake mwenyewe hupoteza mavuno. Kwa familia inayolima kwanza ili ile, tofauti kati ya hasara hizo mbili ni kubwa kuliko tofauti ya magunia mwaka wa neema.

Upo mfano ambao ungepaswa kufundishwa katika kila chuo cha kilimo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na Machakos, kilitoa mahindi yanayokomaa mapema kwa ajili ya Ukambani, mahali ambapo mvua huja kwa ufupi na kuondoka bila kuaga. Ilikuwa mbegu ya uchavushaji huria, kazi ya wanasayansi wa serikali, iliyopimwa na kuchaguliwa kwa makini. Wakulima hawakuikataa kwa kuwa imetoka maabara. Waliipanda, wakaihifadhi, wakaiacha ikutane na mahindi yao ya kienyeji, wakachagua katika mchanganyiko huo mabua yaliyowafaa, na wakapeana. Kituo kilitoa mwanzo, na maelfu ya nyumba zikaendeleza. Hapa hakuna ugomvi kati ya sayansi na kibuyu cha mbegu. Ugomvi uko kati ya sayansi inayomkabidhi mkulima kitu anachoweza kukiendeleza na sayansi inayomkabidhi kitu kinachokwisha nguvu mikononi mwake. Tumechagua kutia fedha nyingi upande wa pili, kisha tunaushangaa upande wa kwanza kwa kubaki nyuma.

Na ubora haupimwi kwa mizani ya magunia tu. Mchele wa Kyela huuzwa Dar es Salaam kwa bei inayouzidi mchele mwingi wenye mavuno makubwa, kwa sababu walaji wanaijua harufu yake na jinsi unavyochambuka ukiiva, na harufu hiyo ilitunzwa na wakulima, msimu baada ya msimu. Mahindi magumu ya kienyeji yenye maganda yanayofunika gunzi hadi ncha hukaa ghalani muda mrefu kuliko yale laini yenye maganda mafupi, na debe lililoliwa na fukusi halihesabiwi kwenye jaribio la kituo cha utafiti kwa kuwa jaribio linakoma siku ya kuvuna. Mtama wenye punje chungu unaonekana duni hadi uwaone ndege wakiupita na kwenda shamba la jirani. Mkunde unaotambaa humpa mama majani ya mboga wiki kadhaa kabla ya punje, katika ule muda wa njaa ya kabla ya mavuno. Mkulima anayebaki na mbegu hizi anapima vitu ambavyo mizani ya mtafiti haikuwekewa.

Kuna swali ambalo wauzaji wa mbegu hulipita haraka: malighafi yao ilitoka wapi? Chotara maarufu ya Kitale ya mwaka 1964, H611, ilitokana na kukutanisha mahindi yaliyokwisha kuizoea Kenya na aina iliyoitwa Ecuador 573, ambayo asili yake ni mahindi ya wakulima wa Ecuador. Watu wa milima ya Amerika ya Kusini waliyatunza mahindi yale kwa karne nyingi wakipeana bila leseni, na bila wao fahari ile ya Kitale isingekuwapo. Shayiri ya California iliponyauka kwa virusi vya unjano na udumavu, kinga yake ilipatikana katika shayiri ya Ethiopia, iliyolimwa na kugawanwa na wakulima wasiojulikana majina. Hivyo ndivyo kazi ya kuzalisha aina mpya ilivyo kila mahali: mtafiti anachota kisimani ambako wengine walichimba. Simlaumu kwa kuchota. Ninamlaumu anayechota kisha akaweka uzio. Mbegu ya mkulima ikielekea maabara inaitwa urithi wa binadamu wote, na mbegu ya maabara ikirudi kwa mkulima inaitwa mali ya mtu. Hakuna hesabu ya haki inayoweza kuyasimamisha madai hayo mawili pamoja.

Wanaposema kwamba mbegu zinazofanana ni alama ya maendeleo, tuikumbuke Marekani ya mwaka 1970. Wazalishaji wa chotara huko walikuwa wamegundua njia rahisi ya kupata mahindi ambayo mbelewele zake hazitoi chavua, wakaepuka gharama ya kuzikata kwa mikono, na njia hiyo ikaenea hadi karibu asilimia 85 ya mahindi ya nchi yakawa na ubavu mmoja wa urithi. Ukaja ukungu wa majani uliopenda ubavu uleule. Kwa msimu mmoja nchi yenye wataalamu wengi, maghala makubwa na bima ya kilimo ilipoteza kiasi cha asilimia 15 ya mahindi yake. Ilipona kwa sababu ilikuwa tajiri, na kwa sababu mbegu za namna nyingine zilikuwa bado zipo mahali fulani. Nchi zetu hazina utajiri huo. Tulicho nacho ni zile namna nyingine, na zimo vibuyuni.

Hoja ya magonjwa ina ukweli ambao haifai kuukwepa. Mwaka 2011 ugonjwa wa kufisha mahindi ulionekana Bomet na kusambaa hadi Tanzania, Uganda na kwingineko, na ni kweli kwamba virusi vyake vinaweza kusafiri na mbegu, na kwamba mahindi ya kienyeji hayakuwa na kinga ya ajabu. Kwa pando za muhogo hatari ni kubwa zaidi, maana kijiti chenye batobato au michirizi kahawia hupeleka ugonjwa moja kwa moja shamba jipya. Lakini ugonjwa wa 2011 ulizikamata pia aina zilizokuwa zikiuzwa madukani, karibu zote. Lebo haikuwa kinga. Dawa ya tatizo hili ni elimu ya kuliona bua lenye ugonjwa na kuling'oa, na vitalu safi vya pando vijijini, na ruhusa ya kusitisha ugawaji wa zao fulani katika eneo fulani kwa muda ugonjwa unapolipuka. Kuzuia mbegu zote za watu wote wakati wote kwa sababu ya hatari ya baadhi ni kumnyima kila mtu chakula kwa kuwa mmoja ameumwa tumbo.

Husemwa pia kwamba lebo humlinda mkulima asidanganywe. Kama tunazungumzia kudanganywa, tuzungumze mpaka mwisho. Utafiti uliochapishwa 2017 juu ya maduka ya vijijini Uganda ulikadiria kwamba mbegu halisi ndani ya mifuko ya mahindi chotara haikufika nusu. Waliochunguza baadaye waliona kwamba tatizo kubwa liko kwenye uhifadhi mbaya njiani kuliko kwenye ughushi, lakini kwa mkulima ambaye mbegu yake haikuota tofauti hiyo haina faraja. Mwenye duka yuko mjini, kiwanda kiko mbali zaidi, na msimu umekwisha. Jirani aliyekupa kibaba cha kunde utakutana naye kesho kisimani na keshokutwa msikitini au kanisani. Uaminifu huo ni aina ya ukaguzi, wa bei nafuu kuliko wote, na hakuna wizara inayoweza kuujenga upya ikishaubomoa. Tanzania imekwisha kuonyesha kwamba njia ya katikati ipo: mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambazo wakulima waliopata mafunzo huzalisha vijijini chini ya usimamizi mwepesi wa TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na kuwauzia majirani. Utaratibu huo umewekewa mipaka mingi mno, lakini umethibitisha kwamba ubora na ujirani hukaa nyumba moja.

Vipi basi malipo ya mtafiti, aliyetumia miaka kumi kupata aina moja mpya? Alipwe, na alindwe dhidi ya mfanyabiashara mwenzake anayenakili jina na nembo yake. Lakini hilo halihitaji kumgusa mama wa kijijini. Sheria ya India ya mwaka 2001 inampa mzalishaji haki juu ya aina yake, na kwenye sheria hiyohiyo inatamka kwamba mkulima anaweza kuhifadhi, kupanda, kurudia kupanda, kubadilishana, kugawana na kuuza mavuno yake, ikiwamo mbegu ya aina iliyolindwa, mradi asiiuze kwa nembo ya biashara. India haikujiunga na UPOV. Sekta yake ya mbegu haikufa, bali ni miongoni mwa kubwa duniani. Anayesema haki ya mkulima na biashara ya mbegu haziwezi kuishi pamoja ana wajibu wa kutueleza India inafanyaje.

Wengine hutuliza kwa kusema mbegu za asili ziko salama, zimehifadhiwa kwenye baridi, Muguga kwa Kenya na Arusha kwa Tanzania, na nakala Svalbard, Norway, kwenye barafu. Hifadhi hizo ni za lazima, na mwaka 2015 Svalbard ilifunguliwa kuwarudishia mbegu watafiti wa kituo cha kimataifa waliotenganishwa na ghala lao la Aleppo na vita. Hata hivyo mbegu iliyolala kwenye baridi tangu miaka ya 1980 haijaionja mvua ya leo. Ile iliyopandwa kila mwaka imekuwa ikichaguliwa na jua, na mdudu, na jicho la mwenye shamba. Mgagani na mnavu vilipodharauliwa kuwa vyakula vya maskini, na kampuni hazikuvitaka, mbegu zake zilipita mikononi mwa wanawake, kutoka bustani ya nyuma ya jiko hadi nyingine. Mtafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Kenya alipozitetea mboga hizi hadi zikaheshimiwa tena, alikuta kitu cha kufanyia kazi kwa sababu wanawake wale hawakuacha kupeana.

Upande wangu nao una deni. Si kila mbegu iliyorithiwa ni njema kwa kuwa imerithiwa, na wapo wanaoisifu mbegu ya asili huku wakichagua ya kupandia kutoka lundo la magunzi uani, wakati hakuna tena anayejua gunzi nono lilitoka kwenye bua lenye afya au kwenye bua lililobahatika kukaa peke yake penye samadi. Mbegu inayochaguliwa hivyo huzorota, na huo uzorotaji hutumiwa kama ushahidi dhidi yetu. Ustadi huu unapotea kwa kuwa haufundishwi, na haufundishwi kwa kuwa umeitwa ujinga. Maafisa ugani wanaotumwa kuhesabu mifuko iliyouzwa wangeweza kutumwa kufundisha kutenganisha mashamba mita 200 au kupishanisha wiki za kupanda ili chavua zisikutane, kukausha mbegu mpaka punje ivunjike kwa mlio ikiumwa, kuifunga kwenye chombo kisichopitisha hewa, na kuipima uotaji kabla ya mvua. Vijiji vingeweza kuwa na ghala la mbegu ambalo anayekopa kibaba hurudisha viwili baada ya mavuno, kama inavyofanyika tayari katika maghala ya jamii ya nchi kadhaa. Hapo atakayesema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini atakuwa hajaelewa mkopo huu, kwa kuwa anayepokea leo ndiye anayejaza kesho.

Ninachokitaka kwenye sheria ni kifupi. Anayeuza mbegu kwa nembo, kwa watu asiowajua, akaguliwe na aadhibiwe akidanganya. Anayempa, anayembadilishia au anayemuuzia mwenzake mbegu aliyoilima mwenyewe, bila nembo, asiguswe kabisa, iwe mbegu ya bibi yake au iliyoanzia maabara. Na kabla mahindi ya msimu huu hayajakauka, wakati mabua bado yamesimama na kila moja linaonekana limetokea wapi, afisa ugani aingie shambani na mwenye shamba wakiwa na mafungu ya kamba, wafunge kamba kwenye mabua mia moja ya katikati, yenye mizizi imara na magunzi yaliyofunikwa hadi ncha, na majirani waitwe waje kuona.